Sifuri Mwishoni mwa Mstari

Baraka, 3 Oktoba 2002

Naandika ili nisiende kumgombeza Bertin nyumbani kwake mbele ya mke wake.

Kompyuta ya redio yetu ikiwashwa haifanyi kazi yoyote mpaka kwanza ijikague. Skrini inakuwa nyeusi, maandishi meupe yanapanda, halafu asilimia zinaanza kutambaa: tano, sita, sita, sita, saba. Raphaël, mkuu wa redio, anatupatia mafuta ya jenereta ya saa mbili tu kila jioni, na karibu nusu inaliwa na ukaguzi. Mimi, mwalimu wa historia niliyefungiwa shule na vita, niliyesoma habari za watu walioangusha wafalme, ninakaa mbele ya sanduku la bati mikono mapajani kama mkosaji.

Kukaguliwa ninakujua. Kutoka hapa mpaka Fizi-Centre nimekaguliwa kikapu, kitambulisho, na siku moja nywele. Kila mwenye bunduki ana kamba yake barabarani, na kila kamba inaitwa usalama. Sasa mashine nayo imefunga kamba yake.

Leo iliandika sababu, kwa Kiingereza. Bertin, fundi wetu, akatafsiri: diski imekaa siku 49710 bila kukaguliwa. Nikapiga hesabu. Ni miaka mia moja thelathini na sita.

"Bertin, ilikaguliwa jana. Nilikuwepo. Nilizeeka hapa hapa."

"Ni pile, betri ya saa yake, njo ilikufa, Mama Anastasie. Kila tukiwasha, inafikiri ni tarehe moja, mwezi wa kwanza, mwaka elfu mbili, saa sita ya usiku. Inaona ukaguzi ya jana ilifanyika saa yenye haijafika. Inatoa hesabu, inashindwa, inaruka kwa namba kubwa."

"Kumbe ni mwongo."

"Haiko mwongo. Ilipotewa na siku."

"Miaka hiyo inayosema, Wabelgiji walikuwa hawajakanyaga hapa. Hakuna aliyetukagua ila wauza watumwa."

"Mama, machine inatafuta tu kujua kama iko muzima."

"Na mimi, nani ananiuliza kama niko mzima?"

"We tunakusikia," alisema, na akarudi kuangalia asilimia zake.

4 Oktoba

Mvua mchana kutwa. Hapakuwa na mafuta.

8 Oktoba

Rosette ameshuka kutoka milimani na gunia la mihogo, na kaseti katikati ya mihogo.

Huko juu, wanakojificha waliokimbia, yuko muuguzi mwenye kinasa sauti. Anawanasa wanaotaka kuwaambia ndugu zao wa ziwani kwamba wako hai. Hawataji jina wala mahali, maana kaseti ikikamatwa kwenye kamba itamhukumu kila aliyejitaja. Karatasi ni hatari zaidi: askari akiona majina yamepangwa mstari, anaona jeshi. Kwa hiyo majina anayabeba Rosette kichwani, kwa mpangilio wa kaseti, akiyaimba njia nzima kama wimbo wa kutwanga. Akishayatua anayasahau makusudi. Anasema kichwa chake si ghala.

Bertin anahamisha sauti kwenye diski na kuzikata mojamoja. Rosette anataja, mimi naandika jina kuwa kichwa cha kila sauti. Kisha kaseti inafutwa na kurudi mlimani, kwa sababu hatuna nyingine. Hatusikilizi. Tunasikia mwanzo tu, tujue pa kukata, halafu Bertin anashusha sauti. Maneno ni ya wenyewe. Tunawatumia habari kwa mdomo, wanakuja studio saa ya jenereta, wanavaa kaske masikioni, wanalia, wanaondoka. Hewani hatupeleki hata moja, maana wenye bunduki wa hapa mjini wangesema tunawatangazia wale wa milimani.

Jina la mwisho leo: Jamila wa Siti, wa Ubwari. Ni msichana mdogo bado. Alishikwa mkono na shangazi yake siku watu walipokimbia, na hakuonekana tena.

10 Oktoba

Siti, mama yake Jamila, amekuja. Amevuka ghuba tangu alfajiri, amekaa kwenye benchi letu na kitenge chake kimelowa mpaka magotini, amekataa hata chai. Jenereta likawashwa. Mashine ikaanza.

"Inafanya nini?" aliniuliza.

"Inajikagua."

"Inatafuta nini?"

Nilimgeuzia skrini aone mwenyewe. Asilimia zikatambaa. Kulikuwa na wengine wawili mbele yake, nao walikaa kama yeye, wakitazama namba kama watu wanaotazama mlango wa hospitali. Tulipofika themanini na kitu, milio ya risasi ikasikika upande wa barabara ya Lweba, na Darius, mlinzi wetu, akazima jenereta. Hiyo ndiyo sheria ya redio: mlio wa kwanza, zima. Kelele na taa vinaita askari, na ukuta wetu umegusana na nyumba za watu. Sheria ni nzuri. Lakini jana yake pia ilizimwa hivyo, na kila ikizimwa ghafla mashine inapata sababu nyingine ya kujikagua kesho.

Mtumbwi haukumngoja Siti. Ana watoto wengine Ubwari, na hakuna wa kulala nao. Akafunga kitenge.

"Aliongea? Mutoto yangu, aliongea kweli?"

"Aliongea. Iko humo ndani."

Aliliwekea sanduku mkono juu, kama mtu anayepima homa. Akaenda.

Nilimwambia Bertin kwamba yeye ni karani wa kamba. Kwamba dunia imejaa watu kama yeye, wapole, wasio na bunduki, wanaosema kanuni ni kanuni wakati mama anageuzwa mlangoni.

"Ondoa huo ukaguzi," nilisema. "Najua unaweza kuondolewa."

"Inawezekana. Siondoi."

"Juu ya nini?"

"Juu diski iko mugonjwa. Tunaizima kama vile unachinja kuku. Siku moja itasema basi." Aliongea akiwa amenipa mgongo, nami nikadhani ni kiburi. "Kesho napanda mashua naenda Uvira kutafuta pile. Pile ikikuwa, itapunguza. Ngoja, Mama. Ngoja tu kidogo."

11 Oktoba

Bertin ameondoka. Mimi nimengoja tangu uhuru; leo sikungoja.

Raphaël alitaka watu wawili wajue neno la siri la mashine, na wa pili ni mimi. Nimesoma kitabu cha maelekezo cha Bertin mchana wote, kwa Kifaransa kibaya cha mtafsiri mvivu. Kuna faili fupi inayoitwa fstab, inayotaja kila diski kwa mstari mmoja, na mwishoni mwa mstari kuna tarakimu. Moja maana yake: hii ikaguliwe kwanza. Sifuri maana yake: iachwe. Nikaweka sifuri. Kwa amri nyingine nikaondoa pia hesabu ya siku na hesabu ya kuwashwa, ili isitafute kisingizio.

Nikazima, nikawasha. Ikasimama tayari kabla Darius hajamaliza kufunika jenereta kwa bati.

12 Oktoba

Familia tano zimesikiliza leo! Tano. Mashine iliandika mstari mmoja wa onyo ikiamka, kwamba inafungua diski isiyokaguliwa. Nimeonywa na watu wakubwa kuliko hiyo.

15 Oktoba

Wanapigana Uvira. Wanaotoroka kwa miguu wanasema mji umeshikwa na wengine. Boti zimekatazwa ziwani, hata mitumbwi ya Ubwari haivuki. Siti hawezi kuja. Bertin hana habari. Mke wake, Nadège, amekuja kuniuliza kama najua kitu, na kabla sijafungua mdomo akasema: "Alikwenda juu yako."

21 Oktoba

Milio tena. Darius amezima mara mbili kabla ya jua kuzama. Nikawasha mara mbili. Haikuuliza kitu. Sasa naona kwamba kutoulizwa nako kuna namna yake ya kutisha, lakini ni uchovu tu.

30 Oktoba

Mvua. Mto Mutambala umejaa. Darius kanunua mboga ya lenga-lenga, tumekula bila chumvi.

6 Novemba

Lazima niandike hili kama lilivyotokea.

Godelieve, mjane wa seremala, alikuja kusikiliza sauti ya mwanawe mkubwa mara ya pili. Mara ya kwanza, mwezi uliopita, alisikiliza yote akaondoka akicheka. Leo alivaa kaske, akatabasamu, kisha nikaona uso wake ukibadilika polepole kama maziwa yanayoganda. Akavua kaske, akaiweka mezani.

"Huyu nani?"

"Ni mwanao. Jina liko hapa."

"Anaanza ni yeye. Sasa ni muzee. Muzee anaomba dawa." Alinitazama machoni. "Mwalimu, mumefanya nini na mutoto yangu?"

Nikavunja sheria yetu, nikasikiliza. Kijana anasema, mwambieni mama mbuzi yule asiuzwe, na katikati ya neno, bila hata pumzi, anakuwa mzee anayekohoa na kuomba dawa ya mguu. Kama mtu mmoja aliyezeeka miaka hamsini ndani ya neno moja.

Nikafungua sauti ya mzee. Ilikuwa na kipande cha kijana. Mashine imezimwa ghafla mara nyingi bila kukaguliwa, na vipande vimechanganyika.

Sikufungua ya Jamila. Naandika hapa kwamba sikuifungua kwa kuheshimu sheria. Si kweli. Niliogopa.

7 Novemba

Sokoni wanasema redio inachanganya walio hai na waliokufa. Mwanamke mmoja amevusha mtoto wake upande wa pili wa njia aliponiona. Miaka yote nimepigana na watu kwa maneno, na sasa watu wananikimbia kwa sababu ya maneno ya wengine.

Sijawasha mashine.

12 Novemba

Boti zimeruhusiwa. Ya kwanza kutoka kaskazini imemleta Bertin. Amekonda, amenyolewa kichwa, hakusema na nani. Mfukoni ana pile, duara ndogo kama kifungo cha koti.

Nilimweleza kila kitu barazani kwake, nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba yake na nilikuwa na hotuba yangu: sheria ya Darius, mafuta ya Raphaël, vita yenyewe. Hakutoa hotuba.

"Ulijaribu ya Albert?"

"Albert nani?"

"Yaya yangu." Sikuwahi kujua ana kaka milimani; jina hilo lazima aliliandika mwenyewe. "Iko kwa kaseti ya mwezi ya munane. Sikuisikilizaka bado. Nilisema nitaisikiliza siku atashuka, tuicheke pamoja."

Kumbe mtu niliyemwita karani wa kamba alikuwa analinda kitu chake ndani, akingoja na wengine zamu isiyo na tarehe. Nadège alituletea maji. Bertin akanywa.

"Kesho," alisema. "Tutakagua kwa mukono. Itachukua murefu. Na isizimwe katikati, Mama. Ikizimwa wakati inashona, itararua penye ilikuwa nzima."

13 Novemba

Raphaël ametoa mafuta yote yaliyobaki, akaondoka bila kuniangalia. Siti naye amefika na mtumbwi wa kwanza kutoka Ubwari. Sikumtumia habari, alihesabu mwenyewe kwamba boti zikifunguliwa, zamu ni yake. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mutoto yangu iko na bengine ndani ya kinywa."

"Labda. Hatujui."

Akakaa kwenye benchi lile lile.

Bertin alianza saa tisa. Ukaguzi wa mkono si kama ule wa zamani unaotambaa wenyewe. Huu unauliza. Sehemu hii inadaiwa na sauti mbili: nitenganishe? Sauti hii haina mwenyewe: niihamishe? Hii haieleweki: niifute? Bertin alisoma kila swali mara mbili, akajibu ndiyo au hapana, na baada ya kila jibu akafuta jasho mkononi kwa suruali. Mara moja alikaa na swali la kufuta mpaka nikamshika bega. "Inaweza kuwa mutu," alisema. Akajibu hapana.

Jua lilikuwa bado juu ya milima wenye bunduki waliposikika. Safari hii si Lweba. Karibu, nyuma ya soko, milio mifupi mifupi. Darius akaja mbio, mkono tayari.

Nikasimama kwenye mlango wa kwenda kwenye jenereta. Mimi niliyelaani ukaguzi mwezi mzima nilinyoosha mikono kuukinga.

"Darius, hapana!"

"Mama, toka. Sheria."

"Najua sheria. Nilisaidia kuiandika. Ikizimwa sasa watu wanakufa humo ndani!"

"Banakufa huku inje kwanza!"

Juu ya ukuta jirani kikatokea kichwa cha Immaculée, aliyejifungua juzi. Mtoto wake alikuwa analia, na yeye hakupiga kelele, alininong'oneza, ndicho kilichonichoma: "Mwalimu, nakuomba. Bako bafuata kelele. Nakuomba."

Nina maneno mengi. Nilikuwa nayo yote: kwamba anayezima sauti za wanaojificha anamaliza kazi ya wenye bunduki, kwamba woga wetu ndio chakula chao. Nilikuwa nimeyaandika magazetini kabla vita haijala magazeti. Nilifungua kinywa kuyasema kwa mwanamke mwenye mtoto wa siku mbili.

"Zima," alisema Siti.

Alikuwa nyuma yangu. Bertin aligeuka kwenye kiti.

"Siti, Jamila..."

"Jamila iko ku mulima. Ule iko hapa." Alionyesha ukuta kwa kidevu. "Zima, Darius. Mi njo nasema."

Darius akapita chini ya mkono wangu. Skrini ikafa katikati ya swali. Tulikaa chini sakafuni, wote wanne, migongo ukutani, tukiwasikia wanapita barabarani wakicheka, mmoja akigonga fensi yetu kwa kitako cha bunduki, kwa mchezo tu. Hawakuingia. Mtoto wa Immaculée alikuwa amenyamaza. Baadaye nilijua alikuwa amewekewa titi mdomoni kwa nguvu.

14 Novemba

Bertin ameweka pile, ameanza upya. Kweli imerarua. Maswali ni mengi kuliko jana. Nimekaa naye mwanzo mpaka mwisho.

Zilizonusurika bila mwenyewe zimewekwa pamoja kwenye folda moja, kila moja ikiwa na namba badala ya jina. Majina niliyoyaandika kwa mkono wangu hayapo. Rosette ameshayasahau, kama alivyotakiwa. Nyingine zimepotea kabisa, na hatujui ni za nani.

Kabla ya kuzima, Bertin alifungua fstab, akanisogezea kibodi. Nikatoa sifuri, nikaweka moja.

16 Novemba

Tumewaita wote. Hatukuwa na njia nyingine: aliyetaka kumjua mtu wake ilibidi asikie watu wa wengine. Raphaël alipinga, akasema siri za watu zitajulikana. Nilikuwa tayari kumrarua, lakini Godelieve akamjibu kabla yangu: "Siri gani? Sote tunatafuta."

Wakajaa studio, wengine wakakaa chini. Mashine ilijikagua kwanza. Walingoja. Mimi pia.

Bertin akachomoa kaske, akafungulia sauti chumba kizima. Namba ya kwanza: mwanamke anawasalimu watoto wake. Halafu mtu nyuma: "Ni mama Uledi! Mukamuite Uledi!" Ya pili, kijana na mbuzi, nzima sasa, na Godelieve akapiga magoti pale pale. Nyingine hazikupata mwenyewe, na watu walizisikiliza kwa heshima ileile, vichwa chini, kama msiba wa jirani. Ya Albert haikuwepo. Bertin alifika mwisho wa orodha, akarudi mwanzo, akafika mwisho tena. Kisha akaendelea kuwafungulia wengine.

Mojawapo ya zile fupi ilikuwa ya msichana. Kikohozi, halafu maneno machache, sauti imekauka: "Mama, usikuje kunitafuta, njia ni..." Basi. Baada ya hapo ni mkwaruzo.

Nilimtazama Siti. Hakulia wala kuinuka.

"Rudisha," alisema.

Bertin akarudisha. Kikohozi, maneno, mkwaruzo.

"Tena."

Nikapiga magoti karibu naye. Nilitaka kumwambia kwamba kulikuwa na zaidi, kwamba Jamila huenda alieleza njia ikoje na nani yuko naye, na kwamba hayo yameliwa na sifuri yangu. Nilianza. Aliniwekea mkono mdomoni, si kwa hasira, kama unavyomnyamazisha mtu anayezungumza redio ikiwa inasema.

"Ni yeye," alisema. "Ile kikohozi iko nayo tangu mudogo, wakati ya mvua." Akasikiliza tena, amefumba macho. "Kule kuko baridi sana. Mwalimu, nani iko anamufunika?"